Kwa nini ujumbe mumoja unavuka muji na mwingine unafia mu telefone yako

Wandugu wa promosyo zote, wale wenye bado wako kwenye auditwari na wale wenye wanazunguka na CV ndani ya anvelopu, munaujua ule ujumbe. Shirika moja kubwa la kimataifa linatafuta vijana 500, diploma ya serikali ao lisanse, mushahara kwa dola, siku ya mwisho ni kesho. Chini kuko linki. Unafinya, unaandika jina na namba ya telefone, na mbele ufike mwisho wanakuambia: tuma kwanza kwa grupu 10 za WhatsApp njo fomu ifunguke. Na watu wanatuma. Wenye lisanse pia wanatuma.

Sitaki tuwacheke. Nataka tufungue ule ujumbe sawa vile makaniki anafungua mota, tuone kila kipande kinafanya kazi gani. Mwenye aliutengeneza alijua kitu kimoja chenye sisi, pamoja na miaka yetu yote ya masomo, hatukufundishwa hata saa moja: ujumbe unatembea kwa nguvu ya kile mutumaji anapata wakati anautuma. Kama uko wa kweli ao wa uongo, hiyo inakuja nyuma.

Basi mutumaji anapata nini? Munajua maisha ya mutu mwenye alimaliza masomo na kazi haiko. Familia ilimulipia minervali miaka yote, na leo bado anakula kwa meza ya mama. Hana franka 1,000 ya kumupatia mudogo wake. Lakini tangazo la kazi anaweza kumutumia. Ile kutuma ni zawadi. Inaonyesha kama bado iko mutu wa faida, mwenye anajua mambo yenye wengine hawajajua. Ndiyo maana huu ujumbe unapita kwa nguvu sana kwenye grupu zetu za wasomi kuliko kwenye grupu za wafanya biashara wa soko. Kule watu wako na kitu kingine cha kupana.

Kisha ongeza vipande vingine. "Kesho" inakukataza kuuliza maulizo. Jina kubwa la shirika linakopesha heshima yake bila kujua. Kutuma kunakuomba kidole kimoja tu. Na ule mulango wa grupu 10 unageuza kila mwenye kudanganywa kuwa mufanyakazi wa mudanganyaji, bila mushahara. Yeye anabaki na majina, namba, na watu wa kuangalia matangazo kwenye ukurasa wake. Siku ingine anarudi kwa wale wale na kuomba "pesa ya dosye".

Hii mashine haikuzaliwa na telefone. Mwaka 1935, kule Denver, Marekani, wakati watu walikuwa na njaa ya kazi sawa sisi, kulitembea barua yenye ilisema: mutumie mutu wa kwanza kwenye liste senti 10, weka jina lako chini, andika kopi, tuma kwa marafiki. Posta ya Denver ilizama chini ya barua. Fungua ile barua pia: tumaini, jina la mutu mwenye unajua, bei ndogo, na amri ya kutuma. Ni mota ile ile, karoseri tu njo ilibadilika.

Sasa, kuko watu wenye walichunguza haya mambo kwa hesabu. Jonah Berger na Katherine Milkman, walimu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walifuata habari karibu 7,000 za gazeti New York Times, wakaangalia ni zipi wasomaji walikuwa wanatumia wenzao zaidi kwa imeli. Kazi yao ilitoka mwaka 2012. Walikuta kama habari za kufurahisha zinatumwa kuliko za kuhuzunisha, na za kusaidia zinatumwa pia. Lakini kipande chenye kunipendeza ni hiki: siyo kila moyo unaouma unatuma. Mushangao, hasira na wasiwasi vinasimamisha mutu, damu inapanda, kidole kinatafuta kitu cha kufanya. Huzuni inamukalisha chini. Hiyo hesabu ilisimama hata wakati walitia maanani kama habari fulani iliwekwa fasi ya mbele kwenye gazeti.

Jaribu mwenyewe. Ile video ya mutoto mwenye njaa, na muziki ya pole pole nyuma yake: unaangalia, unapumua, unapita. Lakini video ya askari wa barabara anapokea franka kwa dereva wa bisi? Mbele imalizike umeshaituma kwa watu wawili. Zote mbili ni habari mbaya. Moja inakukalisha, ingine inakusimamisha.

Mutaniuliza: na matangazo ya vifo je? Ni kweli, kwetu tangazo la kifo linatembea kuliko yote. Saa mbili tu na kila mutu wa familia, mupaka wale wa Kampala na wa Belgique, iko na foto ya marehemu na saa ya mazishi. Kama huzuni inakalisha, mbona ile inakimbia? Nilifikiri sana juu ya hii, na hivi njo ninaona: tangazo la kifo halibebwi na huzuni, linabebwa na deni. Wakati unalipokea unajua palepale ni nani anapaswa kuambiwa, kwa jina. Ukinyamaza, kesho watakuuliza: "Ulijua na haukuniambia?" Muweke hiyo kwa akili, nitairudia wakati wa migomba.

Uchunguzi wa pili unasumbua zaidi. Mwaka 2018, Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral wa MIT walitoa kazi yao kwenye gazeti la sayansi linaloitwa Science. Walichukua habari karibu 126,000 zenye zilipita kwenye Twitter kati ya 2006 na 2017, zilizotumwa na watu karibu milioni 3, wakatenganisha za kweli na za uongo. Ya uongo ilikuwa na bahati ya kutumwa tena kwa 70% kuliko ya kweli. Ya kweli ilihitaji wakati karibu mara sita ili kufikia watu 1,500. Walitoa mashine zote zenye kutuma zenyewe, matokeo yakabaki yale yale. Ni sisi watu. Na sababu yenye walipendekeza ni rahisi: ya uongo iko mupya. Mwenye kusema kweli amefungwa na kile kilichotokea. Mwenye kudanganya anachagua, anapima, anaongeza chumvi mupaka inakolea.

Twitter ya wazungu siyo WhatsApp ya Butembo, hiyo ninakubali. Basi twende Butembo.

Ebola ya Kivu ya Kaskazini ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, na ikatangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa 6, 2020. Watu 3,470 waligonjwa, 2,287 walikufa. Mwezi wa 9 wa 2018, wachunguzi waliuliza watu 961 wa Beni na Butembo. Mumoja kwa wane alisema Ebola haiko. Na wenye kuamini wakubwa wa serikali ya pale hawakufika hata theluthi.

Wengi wa Kinshasa na wa ng'ambo waliposikia hivyo walisema: "Wale watu hawana masomo." Mimi ninakataa. Muweke ujumbe mbili kwa mizani. Wa kwanza: nawa mikono, usiguse maiti, piga simu ukiona mugonjwa. Wote ni kweli, na uliokoa watu. Lakini mwenye anautuma anapata nini? Anaonekana sawa mutumwa wa jeep nyeupe. Wa pili: "Ebola ni siasa na biashara." Huu unajibu ulizo lenye watu wa Beni walikuwa nalo tayari. Tangu mwezi wa 10 wa 2014 walikuwa wanauawa na mapanga, wakilia, na msaada hauonekani. Ghafula gari zinakuja nyingi, juu ya ugonjwa. Mbona kwa hii munakuja na kwa ile hamukuja? Mwenye kutuma ule uvumi alikuwa anatuma hasira yenye iko na sababu ndani ya uongo wenye uko na sumu.

Kisha tarehe 26 mwezi wa 12, 2018, siku chache mbele ya kupiga kura, CENI ikatangaza kama Beni na Butembo watapiga mwezi wa 3 wa 2019, juu ya Ebola na usalama. Raisi alichaguliwa bila wao. Uvumi wenye ulikuwa unatafuta ushuhuda uliupata siku ile. Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha Ebola cha Beni. Hakuna afishi yenye inaweza kushinda kitu kama kile, hata ukiichapa kwa rangi zote. Chenye kilisaidia polepole, kwa kadiri ninavyoona, ni wakati wenye kuzungumza walibadilika: wale wenye waliponea ugonjwa, wakarudi kuchunga watoto wa wagonjwa. Huyo mama unamujua, uliona gari ikimubeba, na sasa unamuona na mutoto kwa mukono. Hiyo habari mutu anaweza kuituma bila kujisikia mutumwa wa mutu.

Sasa nije kwenye kazi yangu, juu mimi ni agronomu na mota yenye nilifungua kwa mikono yangu ni ya migomba.

Munajua ugonjwa wa kunyauka wa migomba, ule wa bakteria. Ulionekana kwetu upande wa Masisi mwaka 2001, ukashuka mupaka Kivu ya Kusini. Majani yanageuka manjano na kulala. Mukungu unaiva mbele ya siku zake, na bila mupango, kidole kimoja kimeiva, kingine bado. Ukipasua ndizi, ndani ni rangi ya kahawia. Ukikata shina, kisha dakika chache maji ya manjano yenye kunata yanatoka. Unaenea kwa wadudu wenye wanatembelea ile ua nyekundu yenye inaninginia chini ya mukungu, kwa watoto wa mugomba wenye kutolewa kwenye shamba la ugonjwa, na kwa kisu. Dawa ya kupuliza haiko. Na kwetu ndizi ni chakula, ni kasiksi, ni minervali ya watoto. Mimi mwenyewe minervali yangu ilitoka kwenye kasiksi ya bibi.

Kwa miaka mingi ujumbe wa wataalamu ulikuwa: ukiona mugomba mumoja mugonjwa, ng'oa shina lote na watoto wake wote, uchimbe, uzike. Kwa sayansi ya wakati ule ilikuwa na akili. Lakini muangalie sasa kama ujumbe. Mama wa miaka 50, peke yake na jembe, achimbe shina lenye babu alipanda, apoteze mavuno, na amwambie jirani afanye vile vile? Kutuma ujumbe kama ule ni kumupelekea jirani hukumu. Hakuna mwenye aliutuma. Walimaji walisikia, wakaitika kwa heshima, wakaenda nyumbani.

Kisha kukaja njia ingine, ilijaribiwa hapa kwetu Kivu: kata paka shina lenye ugonjwa, chini kabisa kwenye udongo, na uache mengine. Watafiti walikuwa wameona kama bakteria haiingii kila mara kwenye kila mutoto wa shina. Ukikata mapema, na ukirudi kuangalia kila mara, ugonjwa unapungua shambani. Ukiongeza mambo mawili: toa ile ua nyekundu mapema, wakati vidole vya mwisho vimesha kujionyesha, kwa muti wenye panda na siyo kwa kisu; na pitisha kisu kwa moto ao kwa Javel mbele ya kuhamia shina lingine. Hii mama anaiweza kwa mikono yake, leo, bila kulipa mutu.

Ujumbe ulikuwa umepatikana. Ukatumwa namna gani? Mradi mumoja uliuweka ndani ya PDF ya kurasa 8, kwa Kifaransa, ukurasa wa kwanza wote ni logo. Uliingia kwenye grupu ya wamama wa Kabare, wenye ninafuatana nao kazini. Kufungua inakula mega. Telefone nyingi pale ni za pamoja, mume anaondoka nayo asubuhi. Ile PDF ilibaki pale sawa barua ya leta.

Wiki mbili nyuma, mama mumoja wa ile grupu, mwenye alikuwa amefuata mafunzo shambani, alituma sauti yake kwa Mashi. Haikufika hata dakika moja. Alisema, kwa kifupi: dada, kama mukungu wako unaiva mbele ya siku, kata ndizi moja uangalie ndani. Kama ni kahawia, kata lile shina tu, chini kabisa, choma kisu, na toa ua kwa muti. Kisha mumwambie yule mwenye analima juu yenu kwenye mulima, juu wadudu wake wanashuka kwenu.

Ile sauti ilitoka. Ndani ya siku chache niliipokea kwa watu watatu wenye hawakujua kama wanajuana. Nimeisikiliza mara nyingi ili kuelewa, na vitu vitatu vinanigusa.

Cha kwanza ni jaribio. "Kata ndizi moja uangalie." Hapo haukuomba mutu akuamini, ulimupatia kitu cha kufanya, na jibu analiona kwa macho yake. Watu wakaanza kutuma foto za ndizi zao zenye kupasuliwa: "Yangu iko nyeupe, Mungu asifiwe." "Yangu ni kahawia, nifanye nini?" Kila foto ilivuta mwingine aende kupasua yake. Na kahawia ndani ya ndizi yenye inaonekana nzuri inje inashangaza kabisa, na mushangao tulisema unasimamisha.

Cha pili ni sauti yenyewe. Ni mama, ni Mashi, jogoo anawika nyuma. Hakuna logo. Mwenye anaituma hatumi kazi ya mradi, anatuma dada yake.

Cha tatu njo kikubwa, na ni kile cha tangazo la kifo. Ujumbe ulitaja mwenye kuambiwa: yule wa juu kwenye mulima. Na mutumaji alikuwa na faida ya wazi, juu shamba chafu la jirani linaharibu lake. Angalia ile kampeni ya ndoo ya barafu ya mwaka 2014 kule Marekani, watu wakijimwangia maji ya baridi juu ya ugonjwa wa neva unaoitwa ALS. Shirika la ule ugonjwa lilipata dola milioni 115 ndani ya wiki chache. Wengi wanafikiri ni juu ya maji na kicheko. Kicheko kilisaidia, lakini muangalie sheria ya muchezo: ukishamaliza unataja watu watatu kwa majina, mbele ya macho ya wote, na wako na saa 24. "Tafadhali mushirikishe wengine" haimutaji mutu. Na kile chenye kinasemwa kwa wote, kila mumoja anamuachia mwenzake.

Sasa niseme na wenye kuuza, juu najua wengi wenu munauza kitu kwenye statu: sabuni, juisi ya maembe, nguo, unga. Afishi ni ile ile: "Bidhaa bora, bei nzuri, karibuni inbox." Mimi ni rafiki yako, nitaipenda, nitaweka moyo. Lakini nitume kwa nani, na nikituma ninapata nini? Ninaonekana sawa mutu mwenye unamulipa.

Kuko kijana mumoja wa promosyo yangu anauza vifaranga. Alipiga video ya sekunde 20, bila kusema bei. Vifaranga wamejikusanya wote chini ya mbabula: wako na baridi. Wamekimbilia kwenye kuta: ni moto sana. Wametawanyika wakikula: ni vizuri. Basi. Mutu yeyote mwenye alishaamka asubuhi akakuta vifaranga 15 wamekufa anaelewa ile video iko na bei gani, na anajua palepale ni nani mwingine anachunga kuku. Namba ya kijana iko chini, kidogo. Watu wanamuita "daktari wa kuku" na yeye si daktari. Anauza.

Lakini pia aliniambia kitu chenye wengi hawataki kusikia: ile video ilifika Kinshasa, na Kinshasa haikununua kifaranga hata kimoja. Haiwezekani. Yeye anatoa vifaranga mia kadhaa kwa mwezi, anahitaji wakiliya 30 wenye wanaweza kufika kwa mutaa wake na boksi ya karatasi. Kuonekana na watu 40,000 kunafurahisha moyo, na hakulipi nyumba. Kama unauza juisi ku Nyawera, ujumbe wako unapaswa kuenea Nyawera. Ninaona vijana wengi wanatumia pesa ya chakula kulipia matangazo ili wapate "vues", na hawajui hata majina ya watu wa mutaa wao wenye wanapenda juisi.

Kuna kitu kingine cha kujua juu ya chombo chenyewe. WhatsApp ilianza kufunga mikono ya watumaji mwaka 2018, kisha uvumi kusababisha watu kuuawa na makundi kule India. Tangu mwezi wa kwanza wa 2019, dunia yote inaweza kupeleka ujumbe mbele kwa mazungumzo 5 tu kwa mara moja. Mwezi wa 4 wa 2020, wakati wa korona, ujumbe wenye umeshatumwa mara nyingi ulipunguzwa mupaka mazungumzo moja kwa mara, na kampuni ikasema ule wa namna hiyo ulishuka kwa 70%. Kizuizi kidogo tu, kidole kinachoka! Kwa sisi inamaanisha hivi: ujumbe wenye mutu anaweza kuurudia kwa sauti yake mwenyewe uko na nguvu kuliko ule wenye anapeleka mbele. Unapita bila alama ya kutumwa mara nyingi, na unasikilizwa juu sauti inajulikana.

Najua pia mukono wa kushoto wa haya yote. Kwetu Mashariki, chombo chenye kinasimamisha watu haraka ni hasira juu ya kabila la mwingine, na kuko watu wanaitengeneza kwa ufundi sawa ule mwenye anatengeneza kazi za uongo: sauti isiyo na jina, "kesho", "mumwambie ndugu yako". Nimewaambia wadogo wangu wa mitandao ya biashara wazi: ukiomba nikusaidie kuandika kitu, hasira ya namna hiyo siigusi, hata kama juisi yako itauzwa mara kumi.

Turudi Kabare, juu ile sauti ya mama haijaisha. Miezi ilipita, ikanirudia kutoka Kalehe. Siyo ile ile. Mama mwingine alikuwa amesema maneno yale kwa Kihavu, kwa nguvu, vizuri sana. Kupasua ndizi kulikuwa ndani. Kukata shina moja kulikuwa ndani. Jirani wa juu kwenye mulima alikuwa ndani. Lakini kuchoma kisu kulikuwa kumeanguka njiani.

Nilielewa mara moja kwa nini. Ndizi ya kahawia inashangaza, jirani anatia wasiwasi, lakini kisu kwenye moto ni kazi ndogo isiyo na hadisi. Watu wanabeba chenye kinawagusa, kingine wanakiacha chini sawa muzigo wa kuongeza. Na bila kisu, ule ujumbe unakuwa hatari: mama anakata shina lenye ugonjwa, na kwa panga ile ile anapita kukata majani kwenye mashina mazima.

Tukakaa na mama wa kwanza kwenye kiti chake mbele ya nyumba, tukajaribu maneno. Mwishoni yeye njo alipata. Sauti mupya inaanza hivi: "Dada, mwenye anapeleka ugonjwa kwenye migomba yako ni wewe mwenyewe. Angalia kwenye mukono wako wa kuume." Kisha ananyamaza kidogo. Kisha anasema juu ya panga. Tuliituma siku ya soko. Sasa ninangojea inirudie kutoka Kalehe, nione kama panga ingali ndani.